Piga Bandi Kwanza

Hotuba hii niliitoa Dar es Salaam mbele ya kundi la wahitimu wa ushauri nasaha. Nimeiandika karibu kama nilivyoisema, nikiondoa marudio na utani ambao ni lazima uwe umekaa ukumbini ndipo ucheke.

Mwenyekiti, wakufunzi, wazazi mliokuja kuwasindikiza watoto, na ninyi wahitimu wenyewe: habari za asubuhi. Nilipewa dakika 30. Kipaza sauti kimeshakula tano, kwa hiyo salamu za mmoja mmoja tutapeana kwenye chai.

Mama yangu alikuwa fundi cherehani. Mteja akileta kitambaa, mama alimpima, akakata, kisha hakukimbilia cherehani. Alichukua sindano ya mkono na uzi mweupe, akapiga bandi: mishono mirefu mirefu, ukiitazama unaona kama ya mtoto. Halafu alimwita mwenye gauni aje ajaribu. Yule mama alilivaa hivyohivyo, nyuzi zinaning'inia, akainua mikono, akainama kama anayeokota kitu, akakaa kwenye kigoda. "Kwapani panabana." Mama alivuta uzi, ukatoka wote kwa mkupuo mmoja, akaanza upya. Mimi niliona ni kazi bure, nikamuuliza kwa nini asishone mara moja akamaliza. Akaniambia: "Ukishapita cherehani, kufumua kunaacha matundu."

Nimeombwa niseme juu ya kile ambacho mmekisoma kwa jina la fomulesheni. Wapo wanaokiita "uundaji wa kesi," jina ambalo mimi hunipeleka moja kwa moja kituo cha polisi. Utambuzi wa ugonjwa humpa mtu jina la tatizo: sonona, hofu, saikosisi (yaani kupotewa na uhalisia, kama kusikia sauti zisizokuwepo). Fomulesheni hujibu maswali ambayo jina haliyagusi. Kwa nini yeye? Kwa nini sasa? Nini kinalifanya lisiishe? Na nini kimemshikilia mpaka leo hajaanguka kabisa? Mimi huiita mchoro, kwa sababu ndicho ninachofanya, nachora. Na nimekuja kuwaambia kwamba mchoro huo upigwe bandi, upigwe ukiwa mwilini mwa mwenyewe, na mkono wake uwe kwenye uzi.

Nitawaeleza nilivyojifunza hilo. Nimechanganya watu kadhaa na kubadili mambo, kwa hiyo wa Temeke na wa Ilala msianze kukisia. Tumwite Mama Genge.

Alikuja kwa rufaa, amevuka miaka 50. Moyo ulikuwa unamwenda mbio ghafla, jasho linamtoka, mikono inakufa ganzi, anaona kabisa anakata roho. Alishapimwa presha, damu, na ECG, kipimo cha umeme wa moyo, na kila mara aliambiwa moyo wake mzima. Alikuwa ameacha kwenda sokoni alfajiri kufuata nyanya. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, "Marahaba, dokta." Mtu anayepokea shikamoo yako na kukuita dokta kwa pumzi ileile hajaamua bado nani mkubwa humo chumbani, na mimi sikulitia maanani.

Nilikuwa kijana, nimetoka masomoni juzi. Nilichukua kalamu ya wino, naam, ya wino, nikamchorea duara. Mnalijua. Mwaka 1986 David Clark wa Oxford alieleza jinsi hofu ya ghafla inavyojilisha yenyewe: moyo unadunda kidogo tofauti, mtu anasema "nakufa," woga unapanda, woga unaongeza mapigo, na mapigo yanampa ushahidi kwamba kweli anakufa. Nikaongeza mshale wa pembeni: kulikwepa soko kunamnyima nafasi ya kugundua kuwa hafi. Lilikuwa duara safi, la kuning'inizwa ukutani.

"Umeelewa, mama?"

"Ndiyo, dokta."

"Ndivyo ilivyo?"

"Ndivyo hasa, dokta."

Hakuonekana wiki tatu.

Aliporudi, alirudi kwa sababu ile karatasi ilimuudhi. Aliifungua kutoka kwenye pindo la kanga, imekunjwa mara nyingi hadi imechakaa kwenye mikunjo, akailaza mezani na kuweka kidole katikati. "Mwanangu," akasema (udaktari ulishaniponyoka), "hapa umeniandika mwoga. Mimi nimezaa watoto wanne, nimezika mume, genge nalifunga saa nne za usiku peke yangu. Mwoga ni nani?"

Nilitafuta penseli na raba nikampa. Raba haifuti wino, kwa hiyo alilikatakata lile neno "woga" na juu yake akaandika "mshtuko." Halafu hakuirudisha penseli. Kila nikifikiria kazi yangu, naona ndipo ilipoanza, pale nilipobaki mikono mitupu.

Aliandika "Jumanne." Jumanne ndiyo siku ambayo vijana wa mkopo hupita, na alikuwa na ile mikopo tunayoiita kausha damu, mmoja wa kulipia mwingine. Moyo ulikuwa unaanza usiku wa kuamkia Jumanne. Sikuwa nimemuuliza siku.

Akaandika "dada." Dada yake alianza na moyo hivyohivyo, akaambiwa ni mawazo, akafia kwenye daladala akipelekwa hospitali. Kwa hiyo lile "nakufa," ambalo mimi nililiweka kwenye duara kama tafsiri potofu, kwake lilikuwa kumbukumbu ya msiba.

Akaandika "kijumbe," akalizungushia mstari mara mbili. Miaka minane alikuwa akishika fedha za mchezo wa wanawake 20 wa mtaani kwao, na haikupotea hata shilingi. Mimi nikachangamka, kwa kuwa tumefundishwa kutafuta uwezo wa mteja, nikamwambia hiyo ndiyo nguvu yake. Akanitazama kama anavyotazamwa mtoto aliyejibu haraka. "Ni nguvu, na ndiyo inayonimaliza. Kijumbe anadaiwa? Wakijua, nani ataniamini na hela yake?"

Siri ya deni, basi. Siri ndiyo iliyokuwa ikilisha Jumanne, Jumanne inalisha moyo, moyo unamkumbusha dada. Na siri ilikuwa na mizizi kwenye kitu bora kuliko vyote alivyonavyo, yaani uaminifu wake. Mimi peke yangu nisingelichora hilo hata kwa vikao 20.

Msinielewe vibaya kuhusu Clark. Duara lake ni kweli, na lilimfaa baadaye. Tulimrudisha kwanza kwa daktari na habari ya dada, akapimwa upya, kwa sababu hiyo ni historia ya familia na haikuwemo kwenye faili. Kisha yeye mwenyewe akapendekeza jaribio: tupande ngazi za jengo letu, ghorofa tatu, haraka, hadi moyo uende mbio, tukae tuone utafanya nini. Tulipanda. Mimi nilihema zaidi. Jaribio la pili, la kumwambia mtu mmoja tu kuhusu deni, lilichukua miezi miwili. Deni lenyewe halikufutika kwa kuchorwa, nalisema hili kwa wale wanaopenda mifano inayoisha kwa vigelegele. Ila soko alirudi.

Kwamba mteja ashiriki si wazo langu wala si jipya. Mwaka 1979 Aaron Beck, daktari wa akili wa Marekani, na wenzake waliandika kuwa mtabibu na mgonjwa wafanye kazi kama wachunguzi wawili wanaopima mawazo kwa ushahidi. Mwaka 2009 Willem Kuyken, Christine Padesky na Robert Dudley waliusogeza mwendo huo hadi kwenye mchoro wenyewe: mteja awemo tangu mstari wa kwanza, muanze na kueleza tu kinachotokea, mwende kwenye kinachokiamsha na kukiendeleza, na ya utotoni yaje mwisho, yakihitajika. Uwezo wa mtu uingie kila hatua, usisubiri kufungiwa mkia. Wengi wetu hufanya kinyume. Tunaanza na utoto kwa sababu tunaona ndipo penye hekima.

Ninayempenda zaidi ni Anthony Ryle, daktari wa Kiingereza aliyeanzisha tiba fupi ambayo kwa kawaida ina vikao 16. Baada ya vikao vichache vya mwanzo, mtabibu humwandikia mteja barua. Barua kweli, yenye jina lake juu. "Umeniambia kwamba ulipokuwa mdogo… Naona kwamba tangu hapo umekuwa… Ninahisi kati yetu huenda ikatokea hivi…" Humsomea kwa sauti, wakiwa wamekaa pamoja, kisha humpa aende nayo nyumbani, akiisahihisha airudishe. Na mwisho wa tiba wote wawili huandikiana barua za kuagana. Sisi watu wa barua tulijua thamani yake kabla ya simu: barua husomwa mara ya pili usiku, taa ikiwa karibu, na mara hiyo ya pili ndipo mtu husema "hapa hapana, haikuwa hivi."

Lakini msidhani kumwonyesha mtu mchoro wake ni zawadi tu. Mwaka 2003 Paul Chadwick na wenzake, Uingereza, walichapisha utafiti mdogo wa watu wenye saikosisi waliochorewa michoro yao. Watabibu waliona uhusiano umeimarika. Wateja, kwa upande wao, hawakuona tofauti. Walipohojiwa, wapo waliosema wameelewa mambo, na wapo waliosema imewahuzunisha kuona maisha yao yote yamelala kwenye karatasi moja. Nimeona hilo. Baba mmoja alitazama mishale yangu akasema, "Kumbe nimefungwa pande zote." Tangu siku ile mchoro sichori wote kikao kimoja, na siruhusu mtu atoke mlangoni na karatasi isiyo na sehemu hata moja ya kutokea.

Sasa tuje kwetu, penye ugumu wetu wenyewe. Ushirikiano wanaousema wenzetu unadhani mteja atakukatalia ukikosea. Kwetu "ndiyo" ina kazi nyingi. Kuna ndiyo ya kukubali, ndiyo ya heshima, ndiyo ya "maliza niwahi gari," na ndiyo ya mtu anayeona utaaibika akikukosoa, hivyo anakusitiri. Zote zinatamkwa sawasawa. "Umeelewa?" ni swali lisilo na faida yoyote, lifuteni. Mimi nimehamia kwenye maswali yanayompa mtu ruhusa ya kunikosoa bila kunivunjia adabu. "Hapa nimebahatisha, lazima kuna mahali nimekosea. Ni wapi?" Au, "Shangazi yako angeuona mchoro huu, angesema tumesahau nini?" Shangazi hana haya. Nyuma ya shangazi watu husema mambo ambayo wao wenyewe wasingethubutu.

Mwongozo wa utambuzi wa magonjwa ya akili wa Marekani, toleo la tano, la 2013, una mahojiano ya utamaduni yenye maswali 16, yaliyojaribiwa katika nchi sita, Kenya ikiwamo. Mojawapo linakaribia kabisa swali langu la shangazi: ungelielezaje tatizo lako kwa ndugu na marafiki? Mtu anayekwambia wewe "nina sonona" kwa sababu ameisoma ukutani, nyumbani anasema "nimechoka na watu." Hayo ndiyo maneno ya kuandika.

Maneno, ndugu zangu, si mapambo. Kusini mwa Uganda, Masaka na Rakai, watafiti walipotaka kutibu sonona walianza kwa kuwauliza wanakijiji wenyewe shida hii wanaiitaje. Wakapewa maneno mawili ya Kiganda, okwekyawa na okwekubagiza, yaani kujichukia na kujihurumia. Matokeo yalichapishwa 2003: vijiji 30, tiba ya vikundi kwa wiki 16, na waliotibiwa walipata nafuu kubwa kuliko wasiotibiwa. Harare, Zimbabwe, nako, mwaka 2006, daktari Dixon Chibanda alianza na bibi 14 wa mtaa wa Mbare waliokaa na wagonjwa kwenye benchi nje ya zahanati. Bibi hawakusema sonona. Walisema kwa Kishona kufungisisa, kufikiri kupita kiasi, na hatua yao ya kwanza waliiita kuvhura pfungwa, kufungua akili: mgonjwa anayataja matatizo yake yote, halafu yeye ndiye anayechagua la kuanzia. Tazameni hapo. Bibi wa watu, hajakanyaga chuo chenu, haanzi na tatizo alilolipenda yeye.

Kiswahili chetu kina "mawazo." "Ana mawazo." Usilitafsiri haraka. Muulize ni mawazo yapi, yanakuja saa ngapi, yakija anafanya nini, nani nyumbani hugundua kwanza. Mama mmoja alinijibu mawazo yake yako mgongoni. Tukayachora mgongoni.

Na majini. Najua mnasubiri niseme kuhusu majini. Familia imekuja, kijana halali, anasikia sauti, na bibi anasema ni jini la ukoo. Wapo wenzangu wanaoanza kubishana hapohapo, na wapo wanaonyamaza kwa adabu kisha wanaandika kwenye faili "imani potofu." Sikubaliani na wote wawili. Mimi naandika jini kwenye karatasi, kwa mkono wa bibi akitaka. Kisha nauliza: linakuja lini? Likija anakuwa amekula, amelala? Nini kilitangulia? Nani akiwepo linatulia? Dawa nazo zinapata nafasi yake kwenye karatasi ileile, na sijawahi kuona zikigombana. Nikiwatania kidogo, mganga wa pwani anayepunga jini hulisalimu, hulihoji jina lake na kuliuliza linataka nini, wakati ndugu wote wamekaa mkekani wanasikia. Huyo naye anapiga bandi. Sisi tulioenda shule ndio tulioleta habari ya kuandika peke yetu mlango umefungwa.

Kuhusu faili nina aibu yangu ya kukiri. Miaka ya nyuma, mahali pamoja nilipofanya kazi, wateja walikuwa wakibeba mafaili yao wenyewe kutoka chumba hadi chumba. Kijana mmoja alilisoma la kwake kwenye korido. Nilikuwa nimeandika, "Mteja hana utayari wa kubadilika." Alinirudishia mkononi akaniuliza taratibu, "Utayari unauzwa wapi, kaka?" Sikuwa na jibu. Ukweli wenyewe ni kwamba nauli yake ya kuja kwangu ilikuwa ndiyo hela ya chakula cha mchana, na mimi nilikuwa nimekiita kitu hicho utayari. Tangu hapo siandiki kwenye faili sentensi ambayo siwezi kumsomea mwenyewe kwa sauti. Faili likiwa na mchoro mmoja na mteja akiwa na mwingine, mmoja wapo ni umbea.

Mambo madogo ya kazi, haraka haraka. Penseli, msitumie wino. Asiyesoma msimpe karatasi. Mpeni vizibo vya soda avipange mezani, hiki mume, hiki kodi ya nyumba, hiki usingizi, na mtashangaa anavyovisogeza. Kabla hajaondoka muulizeni karatasi italala wapi. Si kila nyumba ina mahali pa siri, na picha kwenye simu inayoshikwa na watoto si siri. Wapo wanaoniachia niwatunzie. Na mtu aliyekuja akiwa na mawazo ya kujiua, siku hiyo hamchori duara. Siku hiyo mnahakikisha anafika kesho salama, nani yuko naye, sumu au kamba iko wapi. Mchoro utangoja.

Dada pale nyuma ameshanyoosha mkono tangu niliposema vikao 16, na najua anachotaka kuuliza: foleni ina watu 30, kila mmoja ana dakika 15, muda huo wa kuchora tunautoa wapi? Ni kweli, muda hatuna. Mimi kwenye zahanati yenye foleni huchora vitu vitatu tu: kilichomleta leo, kinachokiamsha, na kilichomsaidia hata kidogo wiki hii. Dakika saba. Nampa penseli kwenye dakika ya kwanza, kwa sababu nikisubiri ya sita nitakuwa nimeshamaliza kuchora mwenyewe. Kikao kijacho tunaanzia pale karatasi ilipoishia, sianzi tena na "karibu, una tatizo gani," na hapo ndipo dakika zinaporudi.

Tuna muda kabla ya chai, nisiumalize peke yangu. Geukeni kwa jirani, wawili wawili. Mmoja asimulie shida ndogo ya wiki hii, ndogo kweli: kuamka umechelewa, kugombana na konda, chochote. Msileteane misiba. Mwingine asikilize na asaidie kuchora. Karatasi ziko kwenye boksi pale mlangoni, penseli zimechongwa. Penseli ianze kwa anayesimulia, na anayesikiliza aweke mikono chini ya mapaja. Nitapita kuangalia mikono.